Kuishusha Pijo kutoka juu ya mawe

Sumaku ilikuwa imetolewa kwenye spika ya redio mbovu. Fundi aliizungushia kipande cha kanga ili isikwaruze rangi, akaanza kuitembeza ubavuni mwa gari taratibu, kutoka mlango wa mbele kurudi nyuma. Penye bati iling'ang'ania. Ilipofika chini ya mlango wa nyuma, kwenye kizingiti, iliteleza ikadondoka mchangani. Akaiokota, akairudisha palepale. Ikadondoka tena.

"Hapa, mwanangu, hapana gari," alisema bila kunitazama. "Pana puti na rangi."

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya marehemu baba yangu, saluni ya mwaka 1979, ya buluu iliyopauka. Tulikuwa chini ya mkungu, kwenye uwanja mdogo wa gereji huko Ngamiani, Tanga. Baba aliinunua kwenye mnada wa shamba la mkonge, akaiendesha miaka mingi, mpaka siku moja ya mwaka 2009 ilipochemka kwenye kona za kupanda Lushoto kutokea Mombo, kabla hajafika Soni. Alikuwa anawahi msiba. Akamimina maji ya baridi injini ikiwa bado ya moto, akawasha, akaendelea. Hakufika mbali. Hedi ilipinda, gasketi ikaungua, na gari likarudi Korogwe likivutwa kwa kamba. Likapandishwa juu ya mawe manne uani, mpaka pesa ipatikane. Baba alifariki mwaka 2016 pesa haijapatikana.

Nyua za mkoa huu zimejaa magari ya namna hiyo. Kuku wanatagia kwenye viti, watoto wanachezea usukani, na wenyewe hawataki kuyapeleka kwenye chuma chakavu wala hawajui waanzie wapi. Nayaandika haya kwa ajili yao, maana mimi nilianzia pabaya na nikalipa.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: kwa pesa hiyo, si ungenunua Toyota iliyotoka Japani? Pesa hiyo sikuwahi kuwa nayo kwa mkupuo. Mshahara wangu ukishalipa kodi ya nyumba, ada na chakula huniachia laki mbili, na si kila mwezi. Hakuna muuza magari anayepokea laki mbili mbili kwa miaka miwili. Gari bovu linapokea. Linapokea kama nyumba zetu zinavyopokea: mwezi huu tofali, mwezi ujao lori la mchanga, mwakani mbao za kenchi. Anayejenga hivyo hapaki rangi ukuta ambao msingi wake unatitia, lakini kwenye magari ndivyo tunavyofanya. Tunaanza na rangi, viti na redio kwa kuwa ndivyo jirani anavyoviona, halafu gari linalong'aa linakwenda kugonga nguzo kwa kukosa breki. Na kama unahitaji chombo cha kupeleka watoto shule Jumatatu ijayo, achana kabisa na habari ya gari la juu ya mawe.

Gereji ya kwanza niliyolipeleka sitaitaja. Nilitoa shilingi 900,000 za kianzio kwa kazi iliyoitwa "ovaholi nzima", bila maandishi, bila picha hata moja. Miezi saba baadaye gari lilikuwa halijawaka, na nilipokwenda kulivuta nilikuta kabureta si ile ya baba, altaneta haipo, na rimu mbili zimebadilishwa. Niliuliza. Kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake aliyeacha kazi. Sikuwa na ushahidi wowote. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ile kabureta baba aliisafisha kila mwisho wa mwezi juu ya gazeti, kwa mswaki, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia kopo la petroli.

Tangu hapo kila kifaa kikubwa kinapigwa picha na kutiwa alama ndogo kwa patasi. Kila kinachofunguliwa na hakitumiki siku hiyo nakirudisha nyumbani kwenye ndoo, kikiwa na karatasi yenye jina lake. Na pesa inatoka kazi ikiisha, kipande kwa kipande.

Fundi wa pili, huyu mwenye sumaku, nilielekezwa na dereva wa teksi. Ni mzee aliyejifunza kazi miaka ya 1970 kwenye karakana ya magari ya serikali, enzi ambazo ofisa akipanda Pijo mtaa mzima unajua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kadi ya gari iko kwa jina la nani?"

Sikutegemea aanzie hapo, lakini alikuwa sahihi. Kadi ilikuwa bado kwa jina la baba, na sisi tuko watoto watano. Akaniambia hagusi spana mpaka tukubaliane sote. Tukaketi Korogwe na mama, kaka yangu mkubwa akathibitishwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, kadi ikahamishwa. Iligharimu wiki kadhaa na nauli. Nimeona ndugu wakigombania gari ambalo mmoja wao ameshatia milioni nne, na gari likarudi kwenye mawe.

Kisha akaniambia nilete daftari. Tulilizunguka gari siku nzima, yeye anataja, mimi naandika. Ubovu 63. Usiku akanipigia simu tupange upya: kwanza kinachoweza kuua mtu, kifuatie kinachoweza kuua injini, halafu panapoingiza maji, mwisho kinachopendeza. Rangi ikawa namba 63.

Hapa niseme kidogo kwa nini gari hili linastahili jasho. Peugeot waliitoa 504 mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Zimetengenezwa zaidi ya milioni tatu. Huku kwetu lakini sifa za Pijo zilitokana na vumbi. Kaka yake 504, yaani 404, ndiyo aliyoiendesha Bert Shankland wa Tanzania akashinda mbio za magari za Safari mwaka 1966 na tena 1967, siku ambazo mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akashinda Safari kwa 504 yenyewe, na 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa akafuata kwa ile ya milango miwili. Zile ndefu zenye safu tatu za viti zilibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa mpaka jina Pijo likawa jina la usafiri wa haraka. Na wakati Ufaransa ilishaacha zamani kuunda saluni, Mombasa iliendelea kuunganisha 504 hadi mwaka 2004. Jambo hilo la Mombasa liliniokoa, nitalifikia.

Tulianza na mifupa. Land Rover ina chesi chini, bodi ukiing'oa chesi inabaki. Saluni ya 504 haina. Bodi ndiyo chesi, na vile vizingiti chini ya milango ndivyo vinavyoizuia isipinde katikati. Hewa ya bahari ya Tanga haina huruma navyo, na mvua za Korogwe zilikuwa zimeshatangulia. Fundi alipiga puti kwa nyundo ndogo, likaanguka kama ugali mkavu, na nyuma yake tukaona gazeti lililokunjwa na kusokomezwa ndani ili kujaza shimo. Kijana wa kuchomelea alitaka akate chote mara moja. Mzee akamzuia. Kwanza jeki na magogo chini, bodi ikasimama sawa. Kisha kila mlango ukafunguliwa na kufungwa, naye akisikiliza komeo. Baada ya hapo kikakatwa kipande kisichozidi shubiri mbili, bati jipya likashikizwa kwa nukta chache za moto, milango ikajaribiwa tena. Mlango ukianza kukwaruza, maana yake bodi imelala, na ukimalizia kuchomelea hapo umeipinda daima. Upande mmoja ulichukua siku nne. Ndani ya vizingiti tulipulizia oili chafu iliyochanganywa na grisi kidogo. Haipendezi, inanuka, na kutu haiipendi.

Kwenye breki sikubana pesa. Mipira ya breki ilionekana mizima kwa nje, lakini fundi alipoikata kwa wembe ndani ilikuwa imevimba hadi tundu likabaki kama la sindano. Mpira wa namna hiyo unapitisha mafuta ukikanyaga, kisha unayazuia yasirudi, tairi linabaki limebanwa, linapata moto, na breki zinakwisha mteremkoni. Tulibadilisha mipira yote, sili za masta silinda, pedi za mbele, na mafuta ya breki kutoka kopo lililofunguliwa mbele yetu, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa na kopo la wazi la miezi sita halifai. Matairi nilinunua mapya manne. Ukienda kununua, tazama ubavuni zile tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nilionyeshwa matairi yenye kashata nzuri kabisa yaliyokuwa na umri wa mtoto wa darasa la saba.

Injini sasa. Ni ya petroli, silinda nne, lita mbili, bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Uzuri wake uko ndani. Silinda hazikuchongwa kwenye bloku yenyewe, zimechomekwa slivu, mabomba manne ya chuma, na maji ya kupooza yanapita yakigusa migongo yake. Slivu ikilika unaichomoa, unachomeka nyingine na pistoni yake mpya, bila kupeleka bloku mashineni. Aliyechora injini hii alimfikiria fundi aliye mbali na kiwanda.

Tulipotoa slivu ya nne, ile ya nyuma kabisa, fundi aliniita nichungulie. Nafasi ya maji ilikuwa imejaa tope jekundu gumu, kutu na chokaa ya maji ya kisima ya miaka mingi. Akachukua waya wa kufungia nondo, akaupinda ncha, akaanza kulichokoa, kidogo kidogo, akimwaga maji ya bomba kila baada ya dakika chache. Siku mbili nzima. Nilipomwambia kwamba kumbe hiki ndicho kilichoichemsha injini ya baba, alitikisa kichwa.

"Hiki kilisaidia tu. Nipe ile feni."

Feni ya 504 haizunguki muda wote kwa nguvu ya injini. Ina klachi ya sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi kwenye njia ya maji inapeleka umeme, sumaku inanata, feni inashikwa na kuanza kuvuta hewa. Maji yakipoa, inaachiwa. Gari likiwa kasi barabara ya tambarare, upepo wa mwendo unatosha, feni hata isiposhika hutajua. Aligeuza kile kifaa kiganjani, akanionyesha waya mmoja mwembamba uliokatika nyuma ya ganda lake, ukiwa umeshikana na mwenzake kwa vumbi tu. Baba alikuwa akienda Tanga na kurudi Korogwe bila tatizo, feni ikiwa imekufa. Siku aliyopanda Soni kwa gia ya pili, mwendo wa pole, jua la saa nane, hapakuwa na upepo wa kumsaidia.

Waya huo ni wa shilingi elfu moja. Nilikaa kwenye gogo nikaushika muda mrefu. Miaka yote tulidhani ni umaskini wetu, au umri wa gari, au ule mlima.

Kutafuta vifaa kuna elimu yake. Dar es Salaam, Gerezani, niliambiwa kuna hedi iliyotumika ya bei poa. Kabla sijapanda basi mzee alinipa chupa ya mafuta ya taa, kitambaa na vipande vya chaki. Nilifanya alivyonielekeza, nimechutama pembeni mwa barabara: nikaisafisha hedi, nikaipaka mafuta ya taa, nikasubiri, nikaifuta ikauka, kisha nikaisagia chaki juu yake hadi ikawa nyeupe. Baada ya dakika chache mstari mwembamba mweusi ukajichora wenyewe kati ya viti viwili vya valvu. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yalikuwa yanatoka. Muuzaji naye aliinama akatazama. "Dada, hiyo hata mimi sikuijua," akasema, na hakunilazimisha. Tuliamua kuichonga hedi ya baba, ambayo ilipinda lakini haikupasuka. Viti vyake vya valvu ni vya chuma kigumu kilichopachikwa kwenye aluminiamu, kwa hiyo hata petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee tuliyo nayo tangu 2006, haikunitia hofu.

Slivu na pistoni nilizifuata Mombasa. Kutoka Tanga ni safari ya asubuhi, unavuka Horohoro. Kwa kuwa gari hili liliunganishwa kule kwa miaka mingi, bado kuna maduka ambayo ukitaja 504 mzee wa dukani hapekui kompyuta, anapanda ngazi. "Karibu mamangu. Wataka za petroli ama za dizeli?" Alishusha boksi lenye vumbi la miaka, ndani slivu nne zimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Nilimpigia simu fundi, akaniambia nimsomee namba zilizochapwa kwenye pistoni, moja baada ya nyingine, mara mbili. Bei ilikula mishahara miwili ya akiba. Mpakani nilizitangaza, nikalipia kilichotakiwa, na risiti imo kwenye daftari.

Siku ya kuzichomeka gereji nzima ilinyamaza. Chini ya kila slivu kuna sili nyembamba, ndiyo inayozuia maji yasishukie kwenye oili. Slivu ikishakaa, lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo mno, chini ya unene wa karatasi ya daftari, ili hedi ikikazwa iibane barabara. Mzee alilaza rula ya chuma, akapima kwa vile vijikaratasi vya bati vya kupimia nafasi. Kisha, vipimo vikiwa vimeshakubali, alifumba macho akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa kila slivu. Kwenye ya tatu alisimama. Akaichomoa. Chini ya sili palikuwa na punje ya mchanga. Angeiacha, tungefika labda Muheza, maji yangekuwa kwenye oili. Alipoirudisha alifunga bolti mbili zenye wosha pana kuzikandamiza zote, kwa sababu kabla hedi haijakaa, ukizungusha krenki pistoni inaweza kuinyanyua slivu na kazi yote ikaharibika. Vijana wengi wanaikosea hatua hiyo, alisema, halafu wanaisingizia Pijo.

Nilibishana naye jambo moja tu, nalo ni thamostati. Haikuwepo. Mafundi wetu wengi wanaitoa wakisema nchi yetu ni ya joto. Naye alisema hivyo, kumbe alikuwa ananipima. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto lake la kazi, inakunywa petroli zaidi na inalika haraka, hasa safari fupi za mjini. Tuliweka mpya. Ninawasihi wenye magari wote, ya zamani na ya sasa, mwulizeni fundi wenu kama ya kwenu ipo.

Nyaya za taa, stata na tangi la petroli vilichukua miezi minne ambayo haina hadithi, ila nisisitize hili: tangi lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe kirahisirahisi. Hata likiwa tupu miaka, mvuke uliobaki unaweza kulipua gereji. Letu lilitobolewa na kutu, tukatafuta jingine.

Daftari sasa limepita shilingi milioni tano, pamoja na zile 900,000 zilizopotea. Gari linawaka asubuhi kwa mguso mmoja. Kwa macho bado ni bovu: ubavu mmoja wa kijivu cha praima, mwingine buluu ya baba, viti vimefunikwa vitenge. Rangi bado ni namba 63, na mbele yake kuna mipira ya milango na kioo cha nyuma kushoto.

Wiki iliyopita tuliliacha likiunguruma papo hapo chini ya mkungu, bila kutembea, saa nane mchana. Mshale wa joto ulipanda. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo, mikono imelala magotini, hasemi. Nami niliutazama mshale ukipita katikati, nikaanza kutafuta ufunguo nizime. Hapo ndipo ulipokuja mlio mdogo kutoka mbele, tak, feni ikashika, na majani makavu yaliyokuwa chini ya bampa yakaanza kutembea. Mshale ukasita, ukarudi.

Mzee bado amenikataza kupanda Soni. Slivu na ringi mpya zinabembelezwa: hakuna mlima, hakuna mzigo, mpaka kilomita 1,000, kisha oili imwagwe na hedi ikazwe upya. Mama anapiga simu kila jioni kuuliza zimefika ngapi. Jana nilimwambia 640.